Mizizi ya mchu ni ya nini? Biolojia inavyoeleza kazi ya kiungo

Maji yakipwa kwenye mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, upande wa Mikindani, tope hubaki wazi, na chini ya miti ya mchu, mojawapo ya aina za mikoko, huonekana vijiti vyembamba visivyohesabika vimesimama wima, urefu wa kalamu hivi. Mgeni hudhani ni miche. Ni mizizi. Tumezoea mzizi kwenda chini, lakini hii imepanda juu. Ukivunja kijiti kimoja utakuta ndani kuna vinafasi vingi vya hewa, na kwenye gamba lake vitundu vidogo vya kuipitisha. Tope la mikokoni halina oksijeni isipokuwa tabaka jembamba la juu, na mzizi ni kitu hai, lazima upumue. Basi mti huu huvuta hewa kwa vijiti hivyo saa za maji kupwa.

Sasa waulize watu vijiti hivyo ni vya nini. Mwanafunzi wa biolojia atasema ni vya kupumulia. Mvuvi atakwambia ndimo wanamojificha kamba na samaki wachanga. Mtu wa mazingira atasema vinashika tope ili pwani isiliwe na mawimbi. Na ukienda Gazi, Kwale, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji wanafanya biashara ya hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, utaelezwa kwamba tope linaloshikiliwa na mizizi ya mikoko ni ghala la kaboni. Hakuna aliyekosea hapo. Hata hivyo, katika majibu hayo yote ni lile la kwanza tu linaloeleza kwa nini mchu una mizizi ya namna hii. Mchu haukuota vijiti kwa sababu ya mvuvi, wala kwa sababu ya kaboni.

Tunalijuaje hilo? Tunapata wapi haki ya kusema athari moja ya kiungo ndiyo kazi yake, na nyingine ni manufaa yaliyotokea tu? Wanafalsafa wa biolojia wamebishana juu ya swali hili kwa zaidi ya nusu karne. Naliona kuwa miongoni mwa maswali yenye uzito mkubwa katika sayansi yote, kwa sababu kila tunapofungua mdomo kuzungumzia mwili, iwe darasani au kwa daktari, tunalijibu bila kujua kwamba tumelijibu.

Ugumu wenyewe uko hivi. Sababu hutangulia matokeo. Jiwe hupiga dirisha kwanza, kioo kikavunjika baadaye, na hakuna anayesema kuvunjika kwa kioo ndiko kulikofanya jiwe lirushwe. Lakini tukisema mchu una vijiti ili upumue, tumechukua matokeo, yaani kupumua, tukayafanya maelezo ya kitu kilichoyatangulia, yaani vijiti. Mambo yanaonekana kwenda kinyumenyume. Aristotle aliliona jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na katika aina nne za sababu alizozitaja aliweka ile ambayo kwa ajili yake kitu kipo. Kwa vitu vinavyotengenezwa na watu hakuna tatizo: fundi wa jahazi anajua usukani ni wa nini kabla hajaukata mbao, kwa hiyo lengo limo kichwani mwake na linatangulia. Kwa mti wa mchu, lengo liko wapi?

William Paley, kasisi wa Uingereza, alijibu mwaka 1802 kwamba liko kwa Muumba: ukikuta saa njiani utajua kuna aliyeiunda, na viumbe vimepangika kuliko saa. Mwaka 1859 Charles Darwin alionyesha njia nyingine. Mwenye imani hahitaji kuacha kuamini kwamba Mungu ndiye chanzo cha yote ili aifuate hoja ya Darwin. Inatosha aikubali kuwa ni maelezo ya namna mambo yalivyotendeka.

Hoja yenyewe, kwa mchu, ni kwamba zamani kulikuwa na miti iliyotofautiana kidogo kidogo. Baadhi mizizi yake ilichomoza juu ya tope kuliko ya mingine, ikapata hewa zaidi, ikasitawi, ikazaa mbegu nyingi zaidi, na mbegu hizo zikarithi tabia hiyo ya mizizi. Vizazi vikapita kwa maelfu. Mwendo huu Darwin aliuita uteuzi wa asili. Kwa hiyo kupumua kunakoeleza vijiti vya leo pale Mikindani si kupumua kwa leo. Ni kupumua kwa mababu wa mti huo. Yaliyopita yanaeleza yaliyopo, na sababu imerudi mahali pake, mbele ya matokeo.

Huu ndio ufunguo wa mjadala wote, na inafaa kuurudia kwa maneno mengine: kiungo kina kazi fulani kwa sababu viungo vya namna hiyo viliwahi kuifanya, na kuifanya huko ndiko kulikovifanya viendelee kurithiwa hadi sasa.

Larry Wright, mwanafalsafa wa Marekani, aliweka wazo hili katika umbo fupi mwaka 1973. Alisema kazi ya kitu ni ile athari yake ambayo ndiyo iliyosababisha kitu hicho kiwepo. Moyo husukuma damu na pia hutoa mlio. Kusukuma damu ndiko kunakoeleza kwa nini tuna mioyo, na mlio hauelezi kitu, kwa hiyo kazi ni kusukuma. Lakini mwaka 1976 mwanafalsafa mwenzake, Christopher Boorse, alileta mfano wa kulivuruga umbo hilo. Mtafiti ameunganisha mtambo wake na gesi ya klorini kwa mpira wa bomba. Mpira unatoboka. Anautambua ule upenyo, lakini kabla hajauziba gesi inamzidi, anaanguka na kuzimia. Upenyo upo bado kwa sababu unatoa gesi, na gesi ndiyo iliyomzuia asiuzibe. Kwa maneno ya Wright ingebidi tuseme kazi ya upenyo ni kumzimisha mtafiti, na hakuna mwenye akili timamu atakayelikubali hilo.

Mfano huo unafundisha nini? Kwamba haitoshi kitu kibaki kwa sababu ya athari yake. Lazima kuwe na kuzaliana na kurithi, na lazima kuwe na aina zilizoshindana, moja ikasonga mbele kwa sababu ya athari hiyo. Upenyo wa bomba hauzai vipenyo vingine. Ruth Millikan mwaka 1984 na Karen Neander mwaka 1991 ndio walioijenga nadharia hiyo ya kihistoria ikasimama, na faida yake kubwa kwangu ni kwamba inaeleza hitilafu. Moyo ulioshindwa kusukuma damu bado kazi yake ni kusukuma damu. Ndiyo maana tunasema umeshindwa. Kama kazi ingekuwa ni kile ambacho kiungo kinafanya sasa hivi tu, moyo mgonjwa usingekuwa na kosa lolote. Ungekuwa kitu cha aina nyingine.

Wapo wasiokubali, na hoja yao ni nzito. Robert Cummins, mwaka 1975, alisema tukiuliza kazi ya kiungo hatuulizi kilitoka wapi. Tunauliza kinachangia nini katika uwezo wa mfumo kilimo. William Harvey, daktari wa Uingereza, alieleza kazi ya moyo mwaka 1628, zaidi ya miaka 200 kabla ya Darwin kuchapisha nadharia yake, bila kujua lolote kuhusu uteuzi wa asili. Alitazama mishipa, vali na mwendo wa damu, akaona moyo unachangia nini katika mzunguko, na alikuwa sahihi. Daktari wa leo naye hafungui historia ya mageuko anapokupima shinikizo la damu.

Nami naona kila upande unajibu swali lake. Cummins anajibu mfumo unafanyaje kazi, na Wright na wenzake wanajibu kwa nini kitu kipo. Maswali yote mawili ni halali. Hatari inaanza pale mtu anapothibitisha jibu la swali la kwanza kisha akajichukulia kwamba amethibitisha na la pili. Hilo hutokea kila siku, na mfano wa kulionyesha tunao wenyewe, kwenye damu ya watu wa Pwani.

Ugonjwa wa selimundu unajulikana vizuri hapa. Chanzo chake ni badiliko dogo mno katika jeni ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Mahali pa sita kwenye mnyororo wa beta, asidi amino moja, glutamiki, imebadilishwa na nyingine, valini. Aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, himoglobini yake hugandamana inapotoa oksijeni, na chembe hujipinda umbo la mundu na kuziba mishipa midogo. Matokeo ni maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, na mtoto analazwa leo na kulazwa tena baada ya wiki chache. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, yaani mbebaji, kwa kawaida huishi bila dalili yoyote. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa.

Bila matibabu, watoto wengi wenye ugonjwa huu hufa kabla ya kufika umri wa kuzaa, na jeni wanakufa nazo. Mtu angetarajia jeni hiyo ipungue kizazi hadi kizazi mpaka iwe nadra. Haikupungua. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na wakati huo akisoma Oxford, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii walikuwa wabebaji, ilhali katika nyanda za juu na sehemu kame hawakufika asilimia 1. Ramani ya wabebaji ilikaa juu ya ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake kwamba kuwa mbebaji humkinga mtu na malaria.

Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Mombasa, walifuatilia watoto na mwaka 2005 wakatoa hesabu. Kuwa mbebaji kulipunguza malaria ya kawaida kwa asilimia 50, kulazwa kwa sababu ya malaria kwa asilimia 75, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Mbebaji mmoja anapokingwa akakua na kuzaa, jeni yake inapita mbele. Mwenye ugonjwa anapofariki akiwa mtoto, jeni zake mbili zinapotea. Kule kunakoongezeka na kule kunakopungua vilifikia mizani, na jeni ikabaki.

Basi, jeni hii ni ya nini? Athari zake ni nyingi. Inakinga wabebaji na malaria. Inaleta maumivu. Inapinda chembe za damu. Inamfanya mzazi apange foleni kliniki. Kwa nadharia ya kihistoria jibu ni moja: athari iliyoifanya jeni ienee ni kinga ya mbebaji, na hiyo ndiyo kazi yake. Kuumiza hakukuieneza kamwe. Kuumiza ndiko kulikoizuia isienee zaidi.

Hapa ndipo falsafa inapogusa maisha ya mtu. Husemwa mara nyingi kwamba selimundu ni kinga ya malaria. Sentensi hiyo imechanganya jeni na ugonjwa. Ugonjwa hauna kazi, haukuwekwa kwa ajili ya chochote, na mtoto mwenye jeni mbili hana kinga ya kutegemewa. Malaria kwake ni hatari kubwa, na ndiyo maana kliniki huwapa watoto hao dawa za kuizuia. Mzazi akiamini kwamba maumivu ya mwanawe yana faida fulani mwilini mwake, ameamini jambo lisilo kweli, na huenda akaacha chandarua kwa sababu hiyo. Anayefaidika na jeni ni mtu mwingine, ndugu wa mtoto huyo au binamu aliyerithi moja tu. Kazi iko kwa mbebaji, gharama iko kwa mgonjwa, na uteuzi wa asili hauna jicho la kuona kwamba hilo si haki.

Watafiti hao wa Kilifi walipata jambo jingine mwaka huohuo linalostahili kufikiriwa polepole. Pwani kuna badiliko lingine la damu lililoenea sana, talasemia ya alfa, ambalo nalo hukinga na malaria kali. Ungedhani aliye na yote mawili amejikinga mara mbili. Imeonekana kinyume chake: yakikutana ndani ya mtoto mmoja, kinga ya kila moja hufifia. Maana yake ni kwamba hatuwezi kuitazama jeni peke yake na kutaja kazi yake kama vile imechapwa juu yake. Kazi hutegemea jeni ile iliishi na nini, kwa nani na wapi.

Na angalia pia mpangilio wa maarifa. Allison aliweza kusema kwa nini jeni ipo kabla haijaelezwa ni kwa njia gani hasa inamzuia kimelea cha malaria. Kinyume chake kinawezekana vilevile, kama kwa Harvey: kujua kiungo kinavyofanya kazi bila kujua kwa nini kipo. Niko Tinbergen, aliyechunguza tabia za ndege na samaki, alisisitiza mwaka 1963 kwamba ukimkuta mnyama anafanya jambo, una maswali manne ya kuuliza: mwili wake unalifanyaje, lilikuaje tangu utotoni, lina faida gani, na lilitokana na nini katika mababu. Jibu la moja halifuti mengine.

Je, basi kila kiungo kina kazi? Hapana, na wanabiolojia wenyewe wamehitaji kukumbushwa. Mwaka 1966 George Williams alitoa mfano wa samaki wanaoruka juu ya maji. Samaki huyo asiporudi majini atakufa, kwa hiyo kurudi ni muhimu mno kwake, lakini hatuhitaji uteuzi wa asili kueleza kurudi huko. Uzito unatosha. Mwaka 1979 Stephen Jay Gould na Richard Lewontin waliandika ukosoaji mkali dhidi ya wenzao waliokuwa wakibuni hadithi ya faida kwa kila umbo waliloliona. Walitumia mfano wa kanisa la Mtakatifu Marko huko Venice, lenye pembe tatu zilizopambwa vizuri kati ya matao. Mtu anaweza kudhani matao yamejengwa ili pembe zile zipatikane, kumbe pembe hujitokeza zenyewe ukiweka kuba juu ya matao. Wakazi wa nyumba za ghorofa za Mji wa Kale wanalijua jambo hili bila kwenda Venice. Nafasi iliyo chini ya ngazi huwekwa ndoo, magunia na viatu, na ni ya manufaa kila siku, lakini hakuna aliyejenga ngazi ili apate mahali pa kuweka ndoo.

Mwaka 1982 Gould na Elisabeth Vrba wakaongeza kwamba nafasi ya namna hiyo, au kiungo kilichotokea kwa sababu nyingine, kinaweza baadaye kuchukuliwa kwa matumizi mapya. Manyoya ni mfano mzuri. Mwaka 1996 kulitangazwa kisukuku cha China, Sinosauropteryx, dinosaria asiyeruka aliyefunikwa na vitu kama manyoya machanga. Manyoya yalikuwepo kabla ya kuruka, kwa hiyo kuruka hakuwezi kuwa sababu ya kuanza kwake.

Nirudi mikokoni kidogo, maana huko hadithi tamu ni nyingi. Mkoko wenyewe, jirani wa mchu, mbegu yake huota ingali juu ya mama. Huning'inia kama fimbo ya kijani yenye ncha, kisha huanguka. Karibu kila anayetembeza wageni husema mbegu ina ncha ili ianguke kama mkuki na kujichoma topeni. Hadithi inapendeza. Lakini mbegu nyingi huelea, maji huzichukua, zikatupwa mahali zikiwa zimelala ubavu, na zinaota hivyohivyo: mizizi inageuka chini na shina linajiinua. Ncha inaweza kuwa imetokana na namna chipukizi linavyokua tu. Anayetaka kusema ncha ni ya kujichoma anadaiwa ushahidi: zile zilizojichoma zinaishi zaidi ya zile zilizolala? Miti yenye mbegu butu inapata miche michache? Bila hayo ana hadithi, hana maelezo.

Ushahidi wa namna hiyo hupatikana. Darwin mwenyewe alitoa mfano mwaka 1862, alipotazama okidi ya Madagaska yenye mrija wa nekta wa karibu sentimita 30 na kusema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufikia chini kule. Alifariki mwaka 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 nondo wa Madagaska mwenye ulimi mrefu hivyo akaelezwa kisayansi. Dai la kazi lililomwambia mtu atafute nini, na kikapatikana, lina haki ya kuaminiwa kuliko lile linalotosheka na kupendeza.

Ubishi huu uliwahi kulipuka hadharani mwaka 2012, pale mradi mkubwa wa kimataifa ulipotangaza kwamba asilimia 80 ya DNA ya binadamu ina kazi. Walichopima ni kama kipande cha DNA kinafanya chochote cha kikemia. Mwaka uliofuata Dan Graur na wenzake waliwajibu kwa ukali: kufanya kitu si kuwa na kazi, la sivyo mlio wa moyo nao ni kazi. Mabilioni ya herufi za kurithi, na mzozo wote ulisimama juu ya swali lilelile la vijiti vya mchu.

Limebaki jambo moja ambalo nadharia ya kihistoria lazima ilijibu: historia ya lini? Mwanafalsafa Peter Godfrey-Smith alisema mwaka 1994 kwamba kinachohesabika ni uteuzi wa karibuni, ule unaoeleza kwa nini kitu kimedumu hadi sasa, kwa sababu kiungo kinaweza kuanza kwa kazi moja na kubakizwa na nyingine. Sasa mfikirie msichana wa ukoo wa Kilifi aliyezaliwa na kukulia Nairobi, ambako malaria ni nadra, naye ni mbebaji. Jeni yake haijawahi kumkinga na lolote na pengine haitamkinga maisha yake yote. Kwa Cummins, ndani ya mwili wake na pale anapoishi, jeni hiyo haina kazi. Kwa Godfrey-Smith ina kazi, kwa kuwa bibi na babu zake walibaki hai kwa ajili yake juzi tu, kwa kipimo cha mageuko. Na kwa Mmarekani mweusi ambaye mababu zake waliondolewa Afrika zaidi ya miaka 200 iliyopita, na ambaye nchi yake imehesabiwa kuwa haina malaria tangu 1951, jibu linaanza kuyumba, kwa sababu kwake yeye uteuzi sasa unaipunguza tu ile jeni. Mimi nasimama na Godfrey-Smith kwa huyu wa Nairobi. Kwa yule wa Marekani, naona ni sahihi zaidi kusema jeni ilikuwa na kazi, na kinachoeleza kuwepo kwake leo ni kwamba vizazi vilivyopita havijatosha kuiondoa.